Ramani ya rutuba ya udongo: ardhi ina njaa ya nini?

Mahindi yakidumaa kule Kinango, sisi wa Mombasa husema mvua imekataa, basi. Mara nyingi ni kweli. Lakini mvua ikinyesha na majani machanga bado yakatoka na michirizi myeupe, hiyo si kiu, ni njaa ya zinki. Majani ya chini yakiwa manjano kuanzia nchani, naitrojeni imepungua. Mche mdogo ukipiga zambarau, shuku fosforasi.

Ramani ya rutuba huonyesha, kipande kwa kipande, ardhi imepungukiwa na kirutubisho gani. Haichorwi kwa kutazama majani, maana jani husema njaa mmea ukishadhoofika. Kazi huanza na ndoo. Mtu hupita shambani kwa mshazari, huku na huku, achimbe kina cha sentimita 20 hivi mahali 10 au 15, achanganye, atie nusu kilo mfukoni, na simu imwandikie alipochimba. Asichote penye kichuguu wala palipokuwa zizi la mbuzi, patamdanganya. Na ndoo iwe ya plastiki. Ya bati hupakwa zinki, nayo ndiyo tunayoitafuta!

Maabara ikishapima, kompyuta hujaza nafasi zilizo baina ya sampuli kwa kukadiria, ikisaidiwa na picha za setilaiti na takwimu za mvua. Kwa hiyo zile rangi nzuri nyingi ni makadirio. iSDAsoil, ramani ya udongo wa Afrika, ina vipande vya mita 30 kwa 30, lakini zizi la babu yako hailijui.

Huku kwetu udongo hugeuka upesi. Bamburi umekaa juu ya matumbawe, na chokaa ile huifunga zinki hata kama ipo. Panda Mazeras hadi Mariakani, unakuta kichanga kilichotokana na mawe ya mchanga, ambacho mvua kubwa moja hukichuja virutubisho vyake.

Jimbo la Karnataka, India, lilianza mwaka 2009 kuwashauri wakulima wanaotegemea mvua kwa kufuata vipimo kama hivi. Mashamba mengi yalikutwa yamekosa salfa, boroni na zinki, vitu ambavyo wengi hawakuwa wakivitia kabisa.

Tazama mfuko wa mbolea ya DAP dukani, una namba tatu: 18-46-0. Ya kwanza naitrojeni, ya pili fosforasi, na sifuri ile ni potasiamu. Zinki haikutajwa.