Dawa za kifafa kwa mwanamke anayeweza kushika mimba

Swali: Natibiwa ugonjwa wa baipola, wala sijawahi kuanguka kifafa. Mbona nimepewa dawa ya kifafa?

Jibu: Dawa kadhaa za kifafa, zikiwamo valproeti, kabamazepini na lamotrijini, husaidia pia kuzuia hisia zisipande wala kushuka kupita kiasi, kama inavyotokea kwa mwenye baipola. Kupewa dawa hizo hakumaanishi kwamba una kifafa ulichofichwa.

Swali: Nasikia valproeti ni hatari kwa mjamzito. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, na inasikitisha kwamba wengi huambiwa wakiwa tayari na mimba. Takriban mtoto mmoja kati ya 10 waliofikiwa na valproeti tumboni huzaliwa na kasoro ya maumbile, kama vile mgongo wazi, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kuongea, kutembea au kujifunza. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati ambapo mama huenda hata hajajua kuwa ni mjamzito. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe valproeti. Asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini, inapendekezwa, lakini haiondoi hatari hiyo.

Swali: Basi niiache leo?

Jibu: Hapana, hata kama umeshashika mimba. Ukiiacha ghafla, degedege linaweza kukushika mfululizo bila kukoma, nalo huweza kumuua mama pamoja na mtoto. Mwenye baipola naye anaweza kuugua upya. Nenda kwa daktari wako mapema, umwombe mpango wa kukuhamishia dawa nyingine taratibu.

Swali: Je, njia yoyote ya uzazi wa mpango inafaa?

Jibu: Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hulifanya ini livunje haraka homoni za uzazi wa mpango, hivyo vidonge na vijiti hupungua nguvu; kitanzi hakiathiriki. Kwa lamotrijini mambo hugeuka, kwani vidonge vyenye estrojeni huipunguza dawa yenyewe mwilini. Anayetumia ARV aseme pia, maana kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegravia, mojawapo ya dawa hizo.

Swali: Ni dalili gani nisizingoje?

Jibu: Upele unaotokea ukitumia lamotrijini au kabamazepini, hasa ukiambatana na homa au vidonda mdomoni, na macho ya manjano au kutapika mfululizo ukitumia valproeti, vinakutaka ufike hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na pakiti ya dawa mkononi.