Barua ya madai ya picha: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Barua ya kukudai pesa kwa kutumia picha ya mtu bila ruhusa huja kwa baruapepe. Ndani kuna picha ya simba wa Ruaha, nakala ya ukurasa wa tovuti yako yenye simba huyohuyo, namba ya jalada, kiasi cha pesa kwa dola au euro, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Kwa ofisi ndogo ya safari Iringa mjini, au gesti ya Tukuyu inayopeleka wageni Ziwa Ngozi, kiasi hicho kinatisha. Ndipo kila mtu anapokuja na ushauri wake, na mwingi unapotosha.

"Picha niliitoa Google, haina mwenyewe." Ina mwenyewe. Google hukuonyesha tu picha ilipo, na hukutahadharisha kwamba huenda ina hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa kwa sababu tu imeundwa. Mpiga picha halazimiki kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwanza wala kuandika jina lake juu yake.

"Wako Ulaya, hawawezi kunifikia huku Iringa." Hii ndiyo dhana inayowaponza wengi. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1994, kwa hiyo picha ya Mjerumani inalindwa hapa kama ya Mtanzania, na picha ya kijana wa Njombe inalindwa Ujerumani vilevile. Ni kweli kwamba kesi ya kuvuka mipaka ni ghali, na si kila barua huishia mahakamani. Lakini biashara ya utalii inaishi mtandaoni. Facebook, Instagram na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hufuata sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998 (DMCA), inayowapa sababu ya kuondoa haraka kitu kilicholalamikiwa. Ukurasa wako ukifungwa Julai, wakati wa kiangazi ambapo wageni wa Ruaha ni wengi, hasara yake inaweza kupita hata hilo dai.

"Aliyeiweka ni fundi wa tovuti, adaiwe yeye." Tovuti ni yako na inakuletea wateja wewe, kwa hiyo barua itakuja kwako. Muulize fundi picha aliitoa wapi, akupe risiti ya leseni, yaani ruhusa ya kuitumia, kama ipo. Mkikubaliana alipie, hayo ni yenu wawili.

"Nimeandika jina la mpiga picha, inatosha." Kutaja jina hakuchukui nafasi ya ruhusa, isipokuwa leseni yenyewe inasema hivyo. Picha nyingi za Kitulo na Ruaha zilizoko Wikimedia Commons, ghala la picha mtandaoni, ziko chini ya leseni za Creative Commons, zinazoruhusu matumizi kwa masharti, mara nyingi kumtaja mwenye picha na leseni. Kama ulisahau kutaja na leseni ni toleo la 4.0, ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa, ruhusa yako inarudi. Ya nyuma bado yanaweza kudaiwa. Soma leseni kabla ya kujibu, kwa sababu huenda ndiyo utetezi wako wote.

"Nikiifuta, yamekwisha." Iondoe, ndiyo, na ikague pia Instagram na vipeperushi. Ila kwanza hifadhi nakala ya ukurasa, barua na risiti. Kufuta kunazuia kosa lisiendelee, hakufuti muda ambao picha ilitumika, na mdai ana ushahidi wake.

Kuna wanaosema zote ni za matapeli, na wengine kwamba lazima ulipe chote leo. Barua feki zipo kweli, hasa zinazokutaka ufungue faili ili "kuona ushahidi". Usilifungue. Tafuta picha kwa Google Lens au TinEye uone ilikotoka, kisha mwandikie mpiga picha kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe. Kwangu mimi, kukaa kimya ni kosa kubwa kuliko kuitumia picha kwa kutojua. Jibu fupi linatosha:

"Nimepokea barua yenu. Picha imeondolewa wakati nafuatilia suala hili, bila kukiri dai. Naomba uthibitisho kwamba mnamiliki hakimiliki au mnamwakilisha mwenye picha, na mchanganuo wa kiasi mnachodai."

Wakithibitisha, kiasi kinajadilika. Angalia leseni ya picha kama hiyo inauzwa kiasi gani, eleza ukubwa wa biashara yako na muda picha ilivyokaa, kisha toa ofa yako. Kama kiasi ni kikubwa, au barua inataja mahakama, nenda kwa wakili wa hapo mjini kabla hujaandika zaidi. Hati ya wito ya mahakama ikifika, hiyo ina muda wake wa kujibu kisheria, usiichanganye na barua ya madai.

Kabla ya kutuma pesa, pata maandishi kwamba malipo yanamaliza dai lote la picha hiyo. Yasiposema hivyo, usilipe.