Je, wajua kwa nini ensaiklopidia hulitaja jina la zamani la mtu mmoja na kulinyamazia la mwingine?

Kijana mmoja wa chuo, mwenyeji wa Wete, alinijia barazani kwetu Mji Mkongwe baada ya sala ya alasiri, daftari mkononi. Hujitolea kuandika maisha ya waandishi wa dunia kwa ensaiklopidia ya Kiswahili ya mtandaoni, na siku ile alikuwa amekwama.

"Shikamoo Maalim. Hapa nimuandike nani?"

Ukurasa wake ulikuwa na habari za mwandishi wa gazeti la The Times aliyefuatana na msafara wa Everest mwaka 1953, akawahi kupeleka London habari kwamba kilele kimefikiwa. Habari hiyo ilitoka Juni 2, siku ileile ya kutawazwa Malkia Elizabeth. Kumbukumbu za wakati ule zinamwita James Morris. Vitabu vyake vya baadaye vinasema Jan Morris. Mtu ni mmoja. Alizaliwa mwaka 1926, akafanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia Casablanca, Moroko, mwaka 1972, na tangu hapo akaishi na kuandika kama mwanamke mpaka alipofariki Novemba 2020.

"Sasa aliyekwenda Everest ni James au Jan?"

Nami nikamuuliza: nani alizaliwa Fumba, akauza vyungu, kisha akawa mwimbaji wa taarabu anayejulikana pwani nzima? Akacheka, akasema hilo hata mtoto wa skuli analijua, ni Siti binti Saad. Nikamwambia mtoto aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 aliitwa Mtumwa. Siti ni jina alilopewa ukubwani, alipokwisha kuhamia mjini na sauti yake kuanza kusikika. Hata hivyo hujamsikia mtu akisema Mtumwa aliuza vyungu na Siti akaimba. Tunasema Siti alizaliwa Fumba, Siti aliuza vyungu, Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Ni kama tunavyosema Rais Karume alizaliwa mwaka 1905, na hakuna anayedhani alizaliwa akiwa rais. Jina analojulikana nalo mtu humrudia nyuma mpaka utotoni kwake, na msikilizaji hapotei.

Siti hakubadili jinsia, na sitaki mambo mawili tofauti yafungwe kitita kimoja. Ninachosema ni kuwa kanuni anayoshangaa nayo kijana tumeishi nayo siku zote. Wikipedia ya Kiingereza imeiandika wazi: mtu aliyebadili jinsia, yaani anayeishi kwa jinsia nyingine kuliko ile aliyoandikiwa alipozaliwa, hutajwa kwa jina na jinsia anayojitambulisha nayo sasa, katika vipindi vyote vya maisha yake. Kwa hiyo aliyekwenda Everest ni Jan Morris.

Mpaka hapo ni rahisi. Mashaka yanaanza na lile jina la kwanza. Liandikwe au lisiandikwe?

Kipimo chenyewe kinategemea umma ulimjua kwa jina gani. Morris alikuwa tayari na sifa kubwa kabla ya 1972, na vitabu vyake vya miaka ya 1950 na 1960 vilitoka na jina la James kwenye jalada. Msomaji akikuta kitabu cha zamani maktabani, kisha asione jina hilo popote kwenye ensaiklopidia, atadhani hao ni waandishi wawili. Basi jina la zamani hutajwa mara moja, mwanzoni, ili mtu apate njia ya kuingilia, kisha maelezo yanaendelea na Jan. Elliot Page naye yumo kundi hili. Filamu zilizompa umaarufu, kama Juno ya mwaka 2007, zilitoka kabla hajatangaza, Desemba 2020, kwamba amebadili jinsia. Anayemtafuta kwa jina la kwenye filamu hana budi kufika kwake.

Mwangalie sasa Laverne Cox, mwigizaji wa Marekani aliyeteuliwa kuwania tuzo ya Emmy mwaka 2014, wa kwanza katika uigizaji miongoni mwa watu waliojitangaza wazi kuwa wamebadili jinsia. Sifa zake zote alizipata kwa jina hili hili. La kabla yake halikumtambulisha kwa umma, wala halimfikishi msomaji popote. Kulichapa ni kumpa mpita njia kitu cha kumtupia mwenyewe barabarani. Kwa mtu aliye hai ambaye hakuwa maarufu kwa jina lake la kwanza, kanuni ya Wikipedia ya Kiingereza inasema liachwe, hata kama limechapishwa kwingine.

Sisi Wazanzibari hatuna haja ya kufundishwa tofauti hii. Freddie Mercury alizaliwa Farrokh Bulsara hapa hapa mjini mwaka 1946, na jina hilo si siri ya mtu. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alibatizwa Emily huko Aden alipoolewa na Ruete, Mjerumani, mwaka 1867, na kumbukumbu za maisha yake alizozichapisha mwaka 1886 zinasimulia pande zote mbili. Wajerumani humtafuta kwenye R, sisi kwenye S, na faharasa nzuri huandika "Salme, tazama Ruete" ili kila mmoja afike. Hao majina yao yote yako hadharani. Lakini karibu kila nyumba ya Unguja na Pemba ina mtu mwenye jina la cheti na jina la nyumbani, na sote tunajua kuna majina ya nyumbani ambayo hayatamkwi mbele ya wageni. Anayelitamka kwa kusudi hasemi uwongo. Amemvua mwenzake nguo.

Kisa kinachonigusa zaidi kuliko vyote ni cha Lynn Conway, mhandisi wa kompyuta wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1938. Katika miaka ya 1960 alikuwa IBM, kwenye kundi lililokuwa likiunda kompyuta ya kasi kubwa, na huko akabuni namna ya kichakata kupokea maagizo mengi kwa mpigo na kuyatekeleza bila kungojea foleni. Mwaka 1968 wakuu wake walipojua kwamba anabadili jinsia, walimfukuza kazi. Akaanza upya kwa jina jipya, ngazi ya chini kabisa, kama mtu asiye na jana. Akapanda tena. Mwaka 1980 kitabu cha kiada alichokiandika pamoja na Carver Mead kilikuwa kikifundisha kizazi kizima kuunda vichipu, na baadaye akawa profesa Chuo Kikuu cha Michigan. Lakini ile kazi ya IBM hakuthubutu kuidai kwa miaka ipatayo thelathini, kwa sababu kuidai kungefunua jina alilolizika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtafiti wa historia ya kompyuta alianza kuuliza habari za mradi ule, ndipo Conway akajitokeza na kusema, huyo ni mimi. IBM ilimwomba radhi mwaka 2020, miaka 52 baada ya kumfukuza. Alifariki mwaka 2024.

Anayedhani jambo hili ni la adabu tu akisome kisa hicho tena. Jina la zamani lilikuwa ukuta kati ya mtu na kazi ya mikono yake. Mwandishi wa ensaiklopidia anaweza kuandika kwamba Conway alikuwa IBM, akabuni hili, akafukuzwa mwaka fulani, na habari ikatimia bila lile jina kuonekana. Kazi imfuate mwenyewe. Ndiyo maana tangu mwaka 2020 hivi wachapishaji kadhaa wakubwa wa majarida ya sayansi wamekubali kubadili jina la mwandishi kwenye makala zilizokwisha chapwa, bila kuweka tangazo linalomnadi. Wakutubi nao wamejisahihisha: mwaka 2022 kamati ya mpango wa ukatalogi wa pamoja unaoratibiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani ilipendekeza kwamba jinsia ya mwandishi isiandikwe kabisa kwenye kumbukumbu za majina.

Kuna vitu visivyoguswa. Jina la kitabu halibadilishwi, na majedwali mengi ya washindi wa michezo hutunza jina lililotangazwa uwanjani siku ile.

Sasa nije kwenye lugha yetu, maana hapa kijana aliniletea sentensi iliyonifikirisha usiku kucha.

Kwa Kiingereza vita vikubwa huwa juu ya kiwakilishi, he kwa mwanamume na she kwa mwanamke, kwa kuwa ni vigumu kusema "alikwenda" bila kuamua kama aliyekwenda ni mwanamume au mwanamke. Agosti 2013 Chelsea Manning, askari wa Marekani aliyefungwa kwa kuvujisha nyaraka za siri, alipotangaza kwamba ni mwanamke, Wikipedia ya Kiingereza ilibadili jina la makala yake siku hiyohiyo. Wahariri wakagombana, wakalirudisha la zamani kabla mwezi haujaisha, wakalibadili tena Oktoba. Sisi tungeandika "alitangaza", "alifungwa", "nyaraka alizozitoa", na ugomvi wa kiwakilishi usingepata pa kukaa. Yeye ni yeye.

Kijana wangu alijivunia sana jambo hili, mpaka nilipomwonyesha mstari wake wa tano juu ya Morris: "Mwaka 1949 alimuoa Elizabeth Tuckniss."

Kiswahili kinaificha jinsia mahali pengine. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na kitenzi hicho kimoja kimepiga kelele kuliko he na she zote. Ukiandika alimuoa, umemrudisha Jan Morris kule alikotoka. Ukiandika aliolewa, msomaji atamtafuta bwana harusi. Kuna mitego mingine kama hiyo: bin na binti, Bwana na Bi, kaka na dada, "baba wa watoto watano", "mwandishi wa kike". Dawa yake tunayo wenyewe. Walioana. Walifunga ndoa. Ndugu yake. Mzazi wa watoto watano. Hakuna hata neno moja la kuazima hapo, bibi yangu aliyasema yote.

Tena wakati mwingine Kiswahili kinasema kweli zaidi. Daktari James Barry wa jeshi la Uingereza alifanya upasuaji wa uzazi Cape Town mwaka 1826, na mama na mtoto wakapona wote wawili, jambo la ajabu kwa zama zile. Alipofariki mwaka 1865 aliyemwosha maiti alisema mwili ni wa kike, na watafiti wamethibitisha kwamba alizaliwa Margaret Bulkley huko Ireland. Ukubwani aliishi kama mwanamume hadi kufa, wala hakuacha maelezo yanayojulikana ya namna alivyojiona. Waandishi wa Kiingereza wanagombania he na she mpaka leo, na kila anayechagua anadai kujua kilichokuwa moyoni mwa marehemu. Sentensi yangu ya upasuaji hapo juu haikudai kitu.

Kijana aliniuliza swali moja la mwisho, na ni la haki: kuliacha jina si kuificha historia? Nilimjibu kwamba ensaiklopidia huacha mengi kila siku. Haiandiki nambari ya nyumba ya mtu, wala maradhi yake, wala deni lake dukani, na hakuna anayesema historia imeibiwa. Kwetu kuficha na kusitiri ni vitendo viwili. Anayeficha anataka usijue lililo haki yako kulijua. Anayesitiri anamfunika mwenzake penye jambo lisilokuhusu. Na katika visiwa hivi, ambapo ukitaja jina la mtu wa Chake Chake watu watano watakwambia mama yake anatoka mtaa gani, jina moja lililochapwa mtandaoni linatosha kumkosesha mtu kazi au pa kulala. Nilimtaka alifikirie hilo kila anapoandika juu ya aliye hai.

Siku mbili baadaye alinitumia mstari wake upya: "Jan Morris, ambaye vitabu vyake vya kwanza vilitoka kwa jina la James Morris, na Elizabeth Tuckniss walioana mwaka 1949, sheria ya Uingereza ikawalazimisha kutalikiana Jan alipobadili jinsia, nao wakaendelea kuishi pamoja, na mwaka 2008 wakaandikisha muungano wao upya." Nilibadili mkato mmoja ukawa nukta, nikamrudishia.