Standadi: kipimo kilichogeuka kuwa darasa

Mzee akikuambia "mimi niliishia standadi foo", unamwelewa papo hapo: alisoma mpaka darasa la nne. Katika Tanganyika ya mkoloni wengi walikwamia hapo, kwa kuwa mtihani wa darasa la nne ndio uliowachuja wachache wa kuendelea na shule ya kati. Lakini standadi asili yake si darasa. Ni kiwango, kipimo. Na lilipoingia shuleni, lilikuwa kipimo cha kugawia fedha.

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kwa mkono wa Robert Lowe, kiongozi aliyesimamia elimu serikalini, iliweka kanuni mpya za ruzuku kwa shule za watoto wa makabwela. Ziliwekwa standadi sita, na ya VII ikaongezwa 1882. Mkaguzi alifika mara moja kwa mwaka, akampima mtoto mmoja mmoja. Wa Standadi ya I alitakiwa asome habari yenye maneno ya silabi moja, aandike herufi kwa imla, ajumlishe na kutoa namba zisizozidi 10. Wa Standadi ya VI alipewa aya ya gazeti. Kwa kila somo ambalo mtoto alianguka kati ya kusoma, kuandika na hesabu, shule ilikatwa shilingi 2 na peni 8. Basi mtoto mzito wa hesabu akawa hasara iliyokaa dawatini. Walimu nao wakakaririsha kitabu cha mtihani mwaka mzima, wakijua mkaguzi ataulizia hicho hicho.

Malipo ya namna hiyo yaliondolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1890. Jina likabaki, na pamoja nalo desturi moja ambayo wengi wetu hatuifikirii: mtoto aliwekwa kwa alichokijua, si kwa umri. Wa miaka 11 angeweza kukaa na wa miaka 8, magoti yakigonga dawati.

Ukitaka kuona standadi ilivyofanya kazi, nenda kwenye vitongoji vya London vilivyofurika wakati huo. Chukua Walthamstow, kaskazini mashariki mwa jiji. Mwaka 1871 ilikuwa na watu kama 11,000. Mwaka 1901 walikuwa zaidi ya 95,000. Chanzo ni treni. Sheria ya 1864 iliibana kampuni ya reli ya Great Eastern iendeshe treni za alfajiri za wafanyakazi, kwenda na kurudi peni 2. Fundi na karani mdogo wakaweza kufanya kazi jijini na kupanga nyumba nje ya jiji, penye nafasi. Waliohamia wengi walikuwa wanandoa vijana, na wanandoa vijana huja na watoto.

Ndiyo maana shule ya kitongoji ilikua kama piramidi, pana chini, nyembamba juu. Watoto wadogo walijaa mpaka Standadi ya I ikagawanywa mikondo miwili au mitatu, huku ya VII ikiwa na watoto wa kuhesabika, tena wakikaa chumba kimoja na wa VI. Sababu haikuwa ugumu wa masomo tu. Tangu 1899 sheria ilimruhusu mtoto kuacha shule akiwa na miaka 12, ingawa maeneo mengi yalikuwa na masharti yake, na mshahara wa kijana wa kubeba vifurushi ulikuwa na maana nyumbani. Sheria ya kuwabakiza wote mpaka miaka 14 ilipitishwa 1918.

Darasa la watoto 60 halikumshangaza mtu. Jengo likizidiwa, yaliongezwa mabanda ya mabati uwanjani, ya muda, na ya muda hayo yakakaa miaka. (Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezewa.) Sheria ya elimu ya 1902 ilivunja bodi za shule, yaani vyombo vya kuchaguliwa vilivyoendesha shule za eneo, na kuzikabidhi shule zake kwa mabaraza ya serikali za mitaa, tangu hapo gharama za kujenga zikawa mzigo wa baraza.

Tahadhari moja ya maneno. Shule hizo si "msingi" kwa maana yetu ya leo, yaani hatua ya kwanza kabla ya sekondari. Kwa watoto wengi zilikuwa ndiyo elimu yote, kuanzia miaka 5 hadi siku ya kuacha. Wazo la kukata safari kwenye umri wa miaka 11 na kuita sehemu ya kwanza shule ya msingi lilipata nguvu kwa ripoti ya 1926 ya kamati ya ushauri wa elimu iliyoongozwa na Hadow.

Huko Uingereza leo mtoto huhesabiwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa umri wake. Huku kwetu standadi ilivuka bahari na wakoloni, ikapoteza mkaguzi wake wa shilingi na peni, ikawa jina tu la darasa. Bado utaikuta imefupishwa kwa herufi tatu, STD, kwenye jalada la daftari, chini ya mstari wa jina la mwanafunzi.