Programu za uanuwai zimefungwa, haki ya kutobaguliwa kazini ipo palepale

Tangu Januari 2025 wafanyakazi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani wamekuwa wakituuliza kama ubaguzi kazini sasa umeruhusiwa. Haujaruhusiwa, na msimamizi yeyote asikutishe kwa maneno hayo.

Tarehe 21 Januari 2025 Rais Trump alitia saini amri namba 14173. Ilifuta amri ya Rais Johnson ya 1965 iliyowataka wakandarasi wa serikali kuchukua hatua za makusudi kuleta usawa katika ajira, ikazibana pia programu za uanuwai (DEI), yaani mipango ya kuwapa nafasi kazini watu wa makundi mbalimbali. Kampuni kadhaa zilifunga idara zilizosimamia programu hizo. Lakini amri ya rais haifuti sheria iliyotungwa na Bunge. Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 bado inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia au nchi alikotoka.

Tena Mahakama ya Juu imerahisisha njia ya mlalamikaji, na hili halisemwi vya kutosha. Jatonya Muldrow, sajini wa polisi wa St. Louis, aliondolewa kitengo cha upelelezi, nafasi yake akapewa mwanamume. Cheo na mshahara havikuguswa. Alichopoteza ni gari la kwenda nalo nyumbani, ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa na kazi aliyokuwa akiifanya na FBI. Mahakama za chini zilisema hasara hiyo haitoshi. Aprili 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mtu aliyehamishwa kwa ubaguzi anatakiwa kuonyesha madhara fulani tu, si lazima yawe makubwa. Kwa hiyo ukitupwa zamu ya usiku kwa sababu ya asili yako, usijinyamazishe eti malipo ni yaleyale.

Kwenye dini, kesi ya Gerald Groff, mpeleka barua aliyekataa kazi ya Jumapili, ilibadilisha mengi mwaka 2023. Zamani mwajiri aliweza kukukatalia ombi la kidini kwa kisingizio cha gharama ndogo tu. Sasa lazima aonyeshe mzigo mkubwa kwa biashara yake, na chuki ya wenzako dhidi ya dini yako haihesabiki. Msabato anayeomba mapumziko ya Jumamosi na Mwislamu anayeomba muda wa swala wote wanahusika.

Juni 2025, katika kesi ya Marlean Ames wa Ohio, majaji wote tisa walikubaliana kwamba aliye katika kundi la wengi asiwekewe kipimo kigumu zaidi anapodai kubaguliwa. Naona ni haki: sheria inamlinda mtu mmoja mmoja.

Kinachowaangusha watu wetu ni muda. Malalamiko hupelekwa EEOC, tume ya serikali ya fursa sawa za ajira, ndani ya siku 180, au 300 pale jimbo linapokuwa na chombo chake cha kushughulikia ubaguzi huo. Siku zinaanza kuhesabiwa tangu tukio, na kulalamika kwa ofisi ya rasilimali watu hakuzisimamishi. Andika tarehe, zamu uliyopangiwa, aliyesema nini na nani alisikia. Tunza jumbe za simu. Ukiadhibiwa kwa kulalamika, hilo ni kosa la pili la mwajiri, nalo linashtakiwa peke yake hata kama la kwanza halikuthibitika.