"Vertigo" Kwenye Kadi Yako ni Dalili, Si Jina la Ugonjwa

Kliniki yetu ya masikio, pua na koo inazidi kupokea malalamiko ya wagonjwa wanaosema waliandikiwa "ugonjwa wa vertigo" bila kuelezwa zaidi, hivyo tumeona ni vyema neno lenyewe lifafanuliwe.

Vertigo ni neno la Kilatini lenye asili ya kitenzi vertere, yaani kugeuza, na Warumi walilitumia kwa mzunguko, hata ule wa mbingu, na vilevile kwa hali ya mtu kuhisi dunia inamzunguka. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo hiyo, kwani kizunguzungu kimezaliwa na kuzunguka. Ukoo wa neno hilo umejaa hospitalini: vertebra ni pingili ya uti wa mgongo, kwa kuwa hapo ndipo mwili unapogeukia, na vertex ni utosi, pale nywele zinapojizungusha, neno ambalo mama mjamzito hulikuta kwenye kadi yake akashtuka, ilhali linamaanisha tu kwamba mtoto ametanguliza kichwa.

Kwa hiyo daktari akiandika vertigo ameandika dalili, kama ambavyo angeandika homa, na chanzo bado kinatafutwa. Woga wa kusimama ghorofani si vertigo, na "presha imepanda" si jibu la kila kichwa kinachozunguka. Hili tumelisema mara nyingi.

Chanzo cha kawaida ni chembe za chokaa zilizobanduka ndani ya sikio na kuingia katika mojawapo ya mirija mitatu ya nusu duara. Katika kipimo, mgonjwa huketi kitandani, kichwa kikageuzwa nyuzi 45 upande mmoja, kisha hulazwa chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, macho yakiwa wazi; yakianza kuchezacheza baada ya sekunde chache, kwa kawaida sikio la upande wa chini ndilo lenye tatizo. Anayefumba macho hulazimika kurudia. Aliyemeza dawa za kizunguzungu anaweza kupangiwa siku nyingine, kwa sababu dawa hizo hufifisha mchezo huo wa macho, na zikitumiwa miezi mfululizo huchelewesha ubongo kujizoesha.

Kizunguzungu kinachoambatana na ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili au upande mmoja wa mwili kulegea chaweza kuwa kiharusi, na mgonjwa huyo apelekwe idara ya dharura saa hiyo hiyo, asisubiri tarehe yetu ya kliniki.