Kujaribu kisoma skrini kwenye Windows 11: anzia pale sauti inapokatika

Huduma ya kawaida ya Microsoft kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa anayeona, kuhamia Windows 11 ni kuzoea menyu zilizobadilishwa mahali. Kwa asiyeona, kosa moja dogo la fundi linaweza kuiacha kompyuta bubu asubuhi ya Jumatatu, tena kwenye ukurasa wa kuingiza nywila, mahali ambapo hata kuomba msaada kwa barua pepe haiwezekani.

Maelezo haya ni ya mafundi wa TEHAMA na watumiaji wenyewe. Kisoma skrini ni programu inayomtamkia asiyeona kilichomo kwenye skrini. Tumechagua kinachoitwa NVDA kwa sababu ni cha bure, na sauti ya Kiswahili imo ndani yake. Mwanzilishi wake ni Michael Curran wa Australia, aliyeanza kuiandika mwaka 2006. Anayetumia JAWS, kisoma skrini cha kulipia, atafuata mantiki hiyohiyo, ila akumbuke kwamba JAWS isiyo na leseni huzungumza dakika 40 tu, kisha hakuna budi kompyuta iwashwe upya. Jaribio la saa 3 kwa mtindo huo litamchosha yeyote.

Kosa tunaloliona zaidi ni la fundi anayefungua Word, akasikia aya moja ikisomwa, akaandika "inafanya kazi". Word itasoma. Programu kubwa hujaribiwa na watengenezaji kila siku. Jaribio la maana hutafuta ukimya: ni wapi sauti inakatika, na ni tabaka gani limeikata.

Kabla ya kugusa mashine

Kaa na mtumiaji kwenye kompyuta yake ya zamani mkaorodheshe kazi zake sita au saba za kila siku. "Anatumia barua pepe" haitoshi. Andika hivi: anafungua barua, anahifadhi kiambatisho kwenye folda ya Mishahara, anakifungua, anachapa ukurasa wa 2 hadi wa 4. Hesabu mara anazobonyeza kibodi kwa kila kazi. Kama kuhifadhi kiambatisho kulichukua mibonyezo 9 na baada ya kuhama kunachukua 31, hilo ni tatizo hata kama kila neno limesomwa.

Kisha sasisha NVDA kabla ya kubadilisha mfumo, wala si baada. Kwenye menyu ya NVDA, inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha NVDA pamoja na N (kitufe cha NVDA ni Insert, au Caps Lock ukiichagua), nenda kwenye zana utengeneze nakala ya kubebeka kwenye flashi, ukiweka alama ya kunakili mipangilio ya mtumiaji. Flashi hiyo ndiyo akiba yako endapo NVDA iliyosakinishwa itagoma kuwaka.

Andaa pia hedifoni za USB. Mfumo uliosakinishwa upya mara nyingine hauna draiva (programu inayoendesha kifaa) sahihi ya kadi ya sauti, nawe utapoteza saa nzima ukilaumu kisoma skrini. Hedifoni za USB huhitaji draiva ya jumla ambayo tayari imo ndani ya Windows, hivyo huzungumza hata pale spika za mashine zinapokuwa kimya. Za Bluetooth ziache hadi mwisho.

Mashine yenyewe iwe inakidhi masharti: kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, hifadhi ya GB 64, na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa kweli GB 4 ni kima cha kuwakia tu. Ukiongeza kivinjari chenye kurasa kadhaa, sauti itaanza kuchelewa nyuma ya vidole, na mtumiaji ataanza kubonyeza mara mbilimbili akidhani hajasikika.

Ukurasa wa kuingia na dirisha la ruhusa

Sehemu hizi mbili ndizo zinazoangusha majaribio mengi, na sababu yake ni moja. Ukurasa wa kuingia, pamoja na lile dirisha linalouliza kama unakubali programu ifanye mabadiliko kwenye kompyuta, huonyeshwa kwenye eneokazi la usalama lililotengwa na programu za kawaida. NVDA unayoitumia haiwezi kuvuka huko. NVDA iliyosakinishwa huwasha nakala yake nyingine ndani ya eneo hilo. Nakala ya kubebeka haina uwezo huo. Kwa hiyo fundi anayejaribu kwa flashi peke yake atakuta dirisha la ruhusa liko kimya na ataripoti hitilafu ambayo si hitilafu.

Sakinisha NVDA kikamilifu, fungua mipangilio ya jumla, washa chaguo la kutumia NVDA wakati wa kuingia. Halafu bonyeza kile kitufe cha kutumia mipangilio iliyohifadhiwa kwenye ukurasa wa kuingia na skrini za usalama. Wengi hukiruka. Nakala ile ya pili ina mipangilio yake yenyewe, haijui kwamba mtumiaji amechagua Kiswahili, kasi fulani ya sauti, na kibodi ya kompyuta mpakato. Usipokibonyeza, mtu atasikia sauti ya kigeni ikimsomea kwa kasi asiyoizoea pale pale anapotakiwa kuandika nywila. Angalizo: kitufe hicho hunakili pia nyongeza zote (programu ndogo zinazoongezwa kwenye NVDA) zilizowekwa, na huko zitaendeshwa kwa mamlaka ya juu ya mfumo. Ondoa kwanza nyongeza usizozijua.

Sasa jaribu. Washa mashine upya, usiguse kitu, subiri NVDA izungumze yenyewe. Ingia. Bonyeza Windows na R, andika cmd, kisha Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Dirisha la ruhusa likitokea, NVDA inapaswa kulisoma, na Tab ikupeleke kwenye vitufe vya kukubali na kukataa. Baadaye funga skrini kwa Windows na L, urudi tena. Mwisho iache kompyuta ilale kwa dakika 20 na uiamshe. Ukimya baada ya usingizi ni kitu tofauti na ukimya wa kuwasha: mara nyingi kifaa cha sauti ndicho kilichochelewa kuamka.

Vidirisha visivyo madirisha

Windows 11 ina vidirisha vingi vinavyoelea: mipangilio ya haraka kwa Windows na A, arifa kwa Windows na N, mpangilio wa madirisha kwa Windows na Z, historia ya vilivyonakiliwa kwa Windows na V, emoji kwa Windows na nukta. Pitia kila kimoja. Kwa kila kitu utakachokifikia unapaswa kusikia mambo matatu: jina, aina, na hali. "Wi-Fi, kitufe, imewashwa" ni jibu kamili. "Kitufe" peke yake ni hitilafu, na "Wi-Fi" bila hali ni hitilafu pia, maana asiyeona hawezi kujua kama amewasha au amezima.

Kidirisha cha emoji na historia ya vilivyonakiliwa vina tabia ya pekee. Unapovifungua, kishale chako kinabaki kwenye waraka. Orodha inaendeshwa na programu nyingine, TextInputHost. Kisoma skrini kilichozoea kufuata kishale kitaendelea kukitazama kishale huku chaguo likisogea kwingine. Ndiyo maana NVDA ina msimbo maalumu kwa ajili ya vidirisha hivyo, na ndiyo maana sasisho dogo la Windows linaweza kuvinyamazisha bila kugusa kitu kingine chochote. Virudie kila baada ya sasisho kubwa.

Anayeona akijaribu peke yake, macho yatamdanganya. Ataona neno kwenye kioo na kuamini amelisikia. Washa pazia la skrini kwa NVDA, Ctrl na Escape: kioo kitakuwa cheusi kabisa, nawe utabaki na masikio.

Ukimya umetoka wapi?

Ukipata ukimya, usikimbilie kusakinisha upya. Anza na vitufe viwili ambavyo vidole hugonga kwa bahati mbaya. NVDA na S hubadilisha namna ya usemi, na mojawapo ya namna hizo ni kuzima sauti. NVDA, Shift na S (kwenye mpangilio wa kompyuta mpakato ni NVDA, Shift na Z) huilaza NVDA ndani ya programu uliyomo tu, ikiendelea kusoma kwingine kote. Mtumiaji atakuambia "Excel imekufa", kumbe ameilaza mwenyewe.

Kama si hivyo, fungua dirisha la kutazama usemi lililo kwenye zana za NVDA. Huonyesha kwa maandishi kila kinachopelekwa kutamkwa. Maneno yakionekana humo lakini husikii kitu, NVDA ni nzima. Tatizo liko chini yake, kwenye sintesaiza (programu inayogeuza maandishi kuwa sauti), kifaa cha sauti kilichochaguliwa, au kiwango cha sauti. Maneno yasipoonekana kabisa, tatizo liko juu, kati ya NVDA na programu inayosomwa.

Hapo ndipo unapomwita shahidi wa pili. Zima NVDA kwa NVDA na Q, washa Narrator, kisoma skrini kilichomo ndani ya Windows, kwa vitufe vya Windows, Ctrl na Enter, urudie hatua ileile. Usiziwashe zote mbili kwa pamoja: zote hutumia Caps Lock na Insert kama kitufe chao, na hutajua nani amejibu. Narrator ikisoma pale NVDA iliponyamaza, ripoti iende kwa NV Access, watengenezaji wa NVDA. Zote mbili zikinyamaza, aghalabu programu yenyewe haikutoa jina la kitufe, na kisoma skrini hakiwezi kutamka kisichopewa. Kabla ya kuandika ripoti yoyote, ifunge NVDA na uiwashe bila nyongeza; chaguo hilo limo kwenye kisanduku cha kufungia. Ni ajabu jinsi makosa mengi yanavyoishia hapo.

Sauti ya Kiswahili

Bonyeza NVDA, Ctrl na S uchague sintesaiza ya eSpeak NG, kisha NVDA, Ctrl na V uchague sauti ya Kiswahili. Ni sauti ya roboti, hilo hatulifichi, lakini ni nyepesi na inajibu upesi hata kwenye mashine dhaifu. Andika waraka wa majaribio wenye "ng'ombe" mara mbili, mara moja kwa alama iliyonyooka ya kibodi na mara moja kwa ile iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe, usikilize kama zinatamkwa sawa. Ongeza "Sh 25,000", tarehe 07/07/2026, na sentensi yenye Kiingereza katikati.

Mtandaoni kuna mtego mwingine. Ukurasa wa Kiswahili uliotiwa alama ya Kiingereza kwenye msimbo wake utasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, kwa sababu NVDA hubadilisha lugha kufuata alama hiyo. Kwa muda, zima ubadilishaji wa lugha kwenye mipangilio ya usemi. Ukurasa ukisomeka vizuri, kosa ni la mwenye tovuti.

Ripoti na siku kumi

Ripoti isiyo na namba za toleo haina msaada. Windows na R, andika winver, unakili toleo pamoja na namba yake ndefu. Ongeza toleo la NVDA, sintesaiza, mpangilio wa kibodi, hatua moja moja, ulichotarajia kusikia na ulichosikia. Ambatisha faili la nvda.log lililomo kwenye folda ya %temp%. Lichukue mara moja: ukiwasha NVDA upya, huitwa nvda-old.log, na ukiiwasha mara ya pili limepotea. Kwa kumbukumbu za kina, faili hilo huandika pia vitufe vilivyobonyezwa, nywila zikiwemo, kwa hiyo jaribu kwa akaunti ya majaribio.

Mashine iliyopandishwa kutoka Windows 10 hukupa siku 10 za kurudi nyuma kupitia mipangilio ya urejeshaji. Weka jaribio la kuingia na la ruhusa siku ya 1, vidirisha siku ya 2, halafu mwache mtumiaji afanye kazi zake halisi hadi siku ya 7. Siku ya 8 kaeni tena na ile orodha ya mibonyezo muilinganishe. Uamuzi wa kubaki au kurudi ufanywe siku hiyo, yeye akiwa kwenye kibodi.